Lipia Chumba, Ukae Jumba Zima

Umeshakata tiketi ya boti. Umeshamwambia shemeji yako kwamba utalala Mji Mkongwe siku mbili, tena kwenye jumba la kale lenye mlango wa kuchonga. Na moyoni unajua pesa uliyonayo inatosha siku moja na nusu. Tulia, ndugu yangu. Hoteli za majumba ya kale ya Unguja zina siri moja ambayo mtu wa mapokezi hatakwambia: chumba, ambacho ndicho unacholipia, ni kidogo kuliko vyote ulivyovifuata. Paa, ua wa ndani, baraza ya mlangoni, kichochoro na watu wanaopita humo, hivyo vyote havina risiti. Kazi yako ni kulipia kile kidogo na kuvichukua vingine kwa heshima. Njoo karibu, nikuelekeze.

1. Chagua historia, achana na nyota

Usiulize hoteli ina nyota ngapi. Uliza jumba lilikuwa la nani. Mji Mkongwe hoteli nyingi hazikuzaliwa hoteli. Zilikuwa kitu kingine kwanza. Tembo, pale Shangani ufukweni, lilikuwa ubalozi wa Marekani katika karne ya 19. Africa House lilijengwa mwaka 1888 liwe klabu ya Waingereza. Serena imo ndani ya jengo la simu za kuvuka bahari, ambalo wazee bado wanaliita Extelecoms. Lile jumba refu la mtaa wa Hurumzi lilikuwa la Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyesimamia forodha ya Sultani, ndiye yule yule aliyeweka jiwe la msingi la zahanati ya Mizingani mwaka 1887 na akafa kabla roshani zake za mbao hazijakamilika.

Na ndani ya Park Hyatt mna jumba liitwalo Mambo Msiige. Wasimulizi husema mwenyewe alichanganya chokaa na mayai kwa maelfu, ili jirani asithubutu kushindana naye, kisha akalipa jina la kuwakanya: yaoneni, msiyaige. Ni majivuno matupu, nami nalipenda jina hilo kwa dhati, maana linasema waziwazi kile ambacho kila mgeni wa Mji Mkongwe anakitaka. Hata wewe unakitaka. Hakuna ubaya.

Jifunze sentensi moja tu ya jumba lako. Moja inatosha. Usiitoe mapema, subiri mazungumzo yapoe, kisha sema taratibu, macho yakitazama dari, "Hapa palikuwa ubalozi, mnajua?" Hakuna atakayeuliza ulilipa kiasi gani.

Kama majumba hayo yote yamekushinda bei, bado usijali. Tangu mwaka 2000 Mji Mkongwe wote umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, pamoja na mitaa yake, misikiti yake na gesti zake. Gesti ya mtaa wa Malindi yenye feni moja na chandarua chenye kiraka imo katika urithi ule ule. Sema umelala ndani ya Urithi wa Dunia. Hutakuwa umeongopa hata herufi.

2. Omba chumba kidogo, kwa sababu ya mkoko

Huu ndio ujanja ninaoupenda kuliko wote. Dari la jumba la kale limebebwa na boriti za mikoko, na mkoko haurefuki kwa kuwa mwenye nyumba ana pesa. Fundi alipata boriti ya kuvuka mita tatu hivi, na upana wa chumba ukakomea hapo. Sultani alipojenga, mkoko ulimpa mita tatu. Muuza karafuu alipojenga, ulimpa mita tatu. Ndiyo maana vyumba vya asili ni virefu na vyembamba kama jahazi, na dari limepanda juu ili hewa ya moto ipate pa kwenda.

Sasa piga hesabu. Chumba cha bei ya chini na chumba cha bei ya juu mara nyingi vina upana ule ule. Kinachoongezeka ukilipa zaidi ni urefu, na huo urefu una kazi gani nao? Kutembea kutoka kitandani hadi kwenye sanduku? Chukua kidogo.

Kisha panda juu. Hoteli nyingi za namna hii hazina lifti, na ngazi zake ni kali kama za mnazi. Wenye magoti mabaya wataikimbia ghorofa ya mwisho, na huko ndiko upepo wa bahari unakoingia bila kubisha hodi. Kama magoti yako ni mazima, omba huko.

Kuhusu bei, usiandike barua pepe. Piga simu. Salimia, uliza hali, uliza mvua, salimia tena, ndipo uulize "bei ya mkaazi". Na kama unaweza, njoo masika, kati ya Machi na Mei, wakati wageni wa mbali wameondoka na mapokezi wanafurahi kusikia simu inalia. Utalowa. Lakini kichochoro cha Mji Mkongwe kikinyeshewa kina harufu ya chokaa mbichi na udi, na hiyo hutaikuta Agosti kwa bei yoyote.

3. Usiburure sanduku

Utashuka bandarini na papasi watakuwa wamekuona kabla hujawaona. Papasi ni kupe. Vijana wanaopokea wageni wamepewa jina hilo, na wengine wao ni watu wema wanaotafuta riziki. Kinachokusaliti kwao ni magurudumu ya sanduku juu ya mawe. Trr, trr, trr, kutoka Mizingani mpaka Kiponda, mtaa mzima umejua mgeni kaingia. Mpe hamali sanduku lako, patana naye mapema, mlipe vizuri, na wewe fuata nyuma mikono mitupu kama mwenye nyumba aliyerudi safari. Hamali anaijua njia. Kwa malipo ya mzigo umepata na kiongozi.

Siku ya pili, bila hamali, utapotea. Kila mtu hupotea. Kuna mtaa unaitwa Kajificheni. Usitegemee mtaa wenye jina hilo ujitokeze wenyewe. Utakapopotea, usisimame katikati ya njia na simu juu kama mtu anayetafuta mtandao. Kuta ni ndefu, vichochoro ni vyembamba, na ile alama ya buluu kwenye ramani itaruka kutoka msikiti hadi msikiti. Kaa kwenye baraza iliyo karibu.

Hapa ngoja nikae kidogo nawe, maana baraza ndiyo hoteli yenyewe. Ni lile benchi la mawe lililoshikana na ukuta wa nje. Mwenye nyumba alilijenga ili apokee wageni bila kuwaingiza ndani walipo wanawake na watoto. Hapo palinywewa kahawa, palisuluhishwa ugomvi, paliposwa. Mvua kubwa ikigeuza kichochoro kuwa mto, watu hupita juu yake. Halina mlango, halina saa ya kufungwa, na hakuna aliyewahi kuulizwa kwa nini amekaa. Sultani Barghash aliyejenga jumba la Beit el Ajaib hakuwa na kiti cha wazi kuliko hicho.

Basi kaa. Aliyekuzidi umri mpe shikamoo yake. Kundi la watu wape "Assalaam alaykum". Muuza kahawa akipita, chukua kikombe kile kidogo kisicho na mkono, kahawa chungu, na kipande cha kashata. Usiulize njia bado. Maliza kikombe cha kwanza. Kwenye cha pili, mgeukie mzee aliye kando yako useme hivi: "Mzee wangu, hivi mtu akitaka kwenda Hurumzi anapitia wapi siku hizi?"

Nguvu yote iko kwenye "siku hizi". Maneno hayo yanakufanya mtu aliyewahi kuijua njia, ila mji umebadilika kidogo. Mzee hatadanganyika. Lakini atafurahi kwamba umejisumbua kuuliza kwa ufundi, naye atakujibu kwa ufundi: "Pita hapa, mwanangu, ukifika kwenye mlango wa kijani kata mkono wa kushoto." Kama unaogopa kuanza peke yako, nenda Jaws Corner, ambako kahawa haikatiki na siasa haikatiki. Sikiliza sana. Usichangie mpaka uulizwe.

4. Zungumzia mlango kwa sentensi tatu

Utasimama mbele ya mlango wa hoteli yako na wenzako watakutazama wakitaka maelezo. Wape matatu. Mlango wenye kichwa cha mraba unafuata mtindo wa Waarabu. Wenye kichwa cha upinde umeathiriwa na mafundi wa Kihindi. Na zile njumu za shaba zilizochongoka zimetoka Bara Hindi, ambako husemwa zilikuwa za kuzuia tembo wasisukume mlango.

Hapo Unguja hapakuwa na tembo wa kusukuma mlango wa mtu. Njumu ziliwekwa kwa sababu jirani alikuwa nazo. Mlango ulikuwa ndio picha ya ukurasa wa mwenye nyumba: mpita njia alisoma mali na dini yake kabla hajamwona. Ukifika kwenye mnyororo uliochongwa ukingoni, nyamaza. Mnyororo una wasimulizi wengi, kila mmoja na maana yake, na ukichagua mmoja atatokea mwingine nyuma yako kukusahihisha mbele ya watu.

5. Papasa ukuta

Hatua hii wengi huiruka, nami naomba usiiruke. Kabla hujalipa usiku wa pili, shika ukuta wa chumba chako, chini, usawa wa goti.

Majumba haya yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe la matumbawe lina vitundu. Hunywa maji ya mvua na unyevu wa bahari. Chokaa nayo hunywa, kisha jua likiwaka huyatoa yale maji, na ukuta ukakauka. Kwa mwendo huo jumba limesimama miaka mia na hamsini. Akija mtu mwenye haraka akapaka saruji juu, maji yanaingia kwa nyufa na hayapati pa kutokea. Chumvi inatuna chini ya rangi. Zile ncha za boriti za mkoko zilizozikwa ukutani zinaanza kuoza polepole, mahali ambapo hakuna anayeona, mpaka siku ambayo kila mtu anaona.

Unguja tunajua siku hiyo inavyofanana. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la mwaka 1883 ambalo watoto wa skuli wote walifundishwa kulionea fahari, iliporomoka katikati ya matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Ukipita Forodhani, lilipo jumba hilo, usipige picha ya kuchekea pale. Simama kidogo.

Kwa hiyo papasa. Rangi ikiwa imevimba kama ngozi iliyoungua, huenda chini yake kuna saruji. Ukuta ukiwa mkavu, una mawimbi madogo ya mkono wa fundi, na ukaacha vumbi jeupe kidoleni, hapo pana chokaa, na pana mtu anayelipenda jumba. Shuka mapokezi ukaulize: "Hapa mnapaka chokaa au saruji?" Swali hilo litakuongezea cheo kuliko saa ya dhahabu. Kama ni chokaa, watakuitia fundi mwenyewe, na utapata ziara ya jumba zima bure, hadi stoo. Kama ni saruji, umewaonyesha kwamba wageni wanaangalia, na wakiulizwa na kumi kama wewe watamtafuta fundi.

6. Kitanda kwanza, nguo baadaye

Utapiga picha kitandani. Kila mtu hupiga, basi ipige vizuri. Kitanda cha samadari, kile chenye nguzo nne na vioo vilivyochorwa maua, kiko juu hivi kwamba hupandwa kwa kigoda. Kipige kabla hujafungua begi, maana ukishatandaza chaja na soksi hakitakuwa cha kifahari tena. Saa mbili asubuhi ni nzuri. Nuru huingia kwa ubavu na chandarua huonekana kama wingu. Mashine ya kiyoyozi iache nje ya picha.

Alfajiri utaamshwa na adhana, na baada yake nyingine, na nyingine. Usivute mto kichwani. Vaa, panda juu ya paa. Wale waliolipa ghali bado wamelala na paa lote ni lako. Utayaona mapaa ya mabati yenye kutu kwa mamia, mnara wa msikiti wa Malindi uliochongoka kama pia iliyopinduliwa, na upande wa pili Minara Miwili ya kanisa la Wakatoliki. Misikiti, makanisa na mahekalu ya Wahindu vinagawana mji mmoja mdogo.

7. Kula nje, kunywa juu

Chai ya asubuhi imo kwenye bei. Kula bila haya. Lakini kataa tosti. Uliza kwa upole kama kuna mkate wa ajemi au mofa, na kama jikoni wana watu wa mjini utawaona wanatabasamu, kijana atatumwa mtaani, na mezani kwako kitafika kitu ambacho hakimo kwenye menyu ya yeyote.

Chakula cha usiku usikile hotelini. Nenda ukale urojo, mchuzi wa manjano wenye ukali wa embe, na ndani yake bajia, kachori, viazi, mishikaki, chipsi za muhogo zilizosagika na chatne ya nazi. Kula umesimama, kama wanavyokula waliotoka kazini. Forodhani usiku ni pazuri, ila uliza bei kabla hujanyoosha kidole, kwa Kiswahili, na upite mara mbili kabla ya kukaa. Ramadhani usile njiani mchana. Ngoja magharibi, na huenda ukaitwa kwenye futari ya mtu usiyemjua.

Jua likikaribia kuzama, nenda ukalitazame kwenye hoteli usiyolala. Africa House inatazama machweo, na kinachohitajika ni kinywaji kimoja. Uwe umeketi saa kumi na moja na nusu. Agiza juisi ya ukwaju, ubakize kidogo kwenye glasi ili asije mtu kuiondoa, na ukae mpaka bahari iwe nyeusi. Mahali palipojengwa ili mtu kama wewe asikalie kiti, kaa sana.

8. Tafuta kamba ya nguo

Hili nimeliweka karibu na mwisho, lakini ukirudi mara ya pili liweke la kwanza. Unapochagua hoteli, tazama dirisha linalotazamana nayo. Ukiona kamba ya nguo, sare ya skuli, kanga mbili na fulana ya mpira, chukua chumba hapo. Ina maana kuna watu wanaishi. Kuna atakayemkaripia mtoto saa moja asubuhi, atakayekaanga samaki, atakayecheka usiku usijue kwa nini.

Ukiona madirisha yote yamefungwa na kila mlango una kibao cha hoteli, pita. Familia zimeshaondoka kwenda Ng'ambo au mbali zaidi, kodi imewashinda au nyumba imeuzwa, na ulichobakiziwa ni kuta. Hao waliokaa humo, Waswahili, Wangazija, Wahadhrami, Wahindi, Wagoa, ndio walioufanya mtaa huu uwe na mapishi na matusi kwa lugha tano. Unawahitaji zaidi ya kiyoyozi. Basi wasalimie. Funika mabega, punguza sauti, nunua maandazi kwa mama wa pale chini badala ya biskuti za chumbani, na usimpige picha bila ruhusa. Kesho yake atakuuliza ulilalaje. Hoteli hawaulizi hivyo.

9. Ondoka polepole

Bakshishi usiiache kwenye sanduku la mapokezi tu. Mtafute aliyepandisha maji ngazi zile zote, umpe mkononi na umtaje kwa jina. Udi na viungo nunua Darajani, siyo kwenye duka la hoteli. Kisha mtume hamali atangulie bandarini na sanduku, ujibakizie saa moja.

Rudi kwenye baraza ile ile ya siku ya pili. Chukua kahawa. Mzee atakuwepo, au atakuwa ameenda kuswali na nafasi yake ipo wazi. Utakapofika kikombe cha pili atakuja mtu, begi begani, jasho usoni, akae kando yako, aagize kahawa, anyamaze kwa ustaarabu mpaka aimalize. Halafu akugeukie: "Samahani ndugu yangu, hivi mtu akitaka kwenda Hurumzi anapitia wapi siku hizi?"

Mwambie apite hapa, akifika kwenye mlango wa kijani akate mkono wa kushoto.